Aliyetutua Mizigo ya Masikioni

Bi. Fausta Mapunda anastaafu tarehe 30 Juni 1997, baada ya kuitumikia ofisi yetu ya simu hapa Songea kwa miaka thelathini na mmoja. Aliingia akiwa opareta, na anaondoka akiwa opareta mwandamizi. Katika muda huo wakuu wa ofisi walikuja na kuondoka, na kuta zilipakwa rangi hii na ile. Kiti chake kilibaki kilekile, isipokuwa mto wa kukalia ambao aliushona mwenyewe, maana ule wa ofisi, anasema, ulishonwa na mtu asiyekaa.

Nimeagizwa kuandika wasifu huu mimi, opareta mdogo kuliko wote, kwa sababu najua kupiga taipu. Nakiri nilifurahi kuandika na nikaogopa kusoma, kwa hiyo opareta mwenzetu Bi. Benigna atausoma kwa niaba yangu. Nilipomaliza kidato cha nne niliomba kazi ya simu nikidhani ni kazi iliyotengenezwa kwa ajili ya watu wenye haya: unaongea na nchi nzima na hakuna anayekuona. Siku ya kwanza Bi. Fausta alinivalisha hedifoni, akanisikiliza ninavyonong'ona, akasema, "Mwanangu, hawakuoni, ila wanasikia kabisa kwamba umeinamisha kichwa. Inua." Nikainua. Tangu siku hiyo nikawa na hamu ya kujua huyu mama ni mtu wa namna gani.

Alizaliwa Mpitimbi, akasomeshwa na masista, akaajiriwa mwaka 1966. Anasimulia kwamba miaka ile kupiga simu ya mbali lilikuwa jambo la kuogea. Watu walikuja wamevaa viatu. Mzee mmoja alivua kofia kabla ya kumsalimu kaka yake aliyekuwa Tanga, na alipoambiwa kaka yake hamwoni, alijibu kwamba Mungu anamwona. Mama mmoja alikataa kuongea na mwanawe mpaka simu iwekwe karibu na jogoo aliyekuja naye, mtoto asikie nyumbani.

Kwa wakubwa Bi. Fausta hakuwa na makuu wala woga. Bwana mmoja wa serikali aliwahi kumfokea, "Unajua unaongea na nani?" Akajibu kwa adabu zote, "Najua, baba. Naongea na mtu wa tatu kwenye foleni." Bwana yule alisubiri. Baadaye alimletea maparachichi.

Karibu kila opareta aliyepita ofisi hii amefundishwa naye. Hayo yote yamo kwenye jalada lake na yataelezwa vizuri na meneja wetu. Mimi nataka kuandika jambo moja ambalo halimo kwenye jalada, na ambalo lilinitatiza tangu wiki yangu ya kwanza.

Bi. Fausta anakaa Msamala. Mwenzetu Sixbert Komba anakaa Bombambili, upande mwingine kabisa wa mji. Lakini siku ambazo Bi. Fausta hakuwa na zamu, Sixbert alipokaribia kutoka, ungemwona mama amefika getini na sweta lake na mwavuli. Anamsalimu askari, anasubiri. Sixbert anatoka, wanaondoka pamoja kuelekea Bombambili, kisha mama anarudi peke yake. Siku nyingine Sixbert alimsindikiza Benigna. Siku nyingine Benigna alimsindikiza Sixbert. Maopareta kamili walikuwa watatu tu, mimi bado nikijifunza, na kila aliyetoka zamu alikuta mwenzake asiye kazini anamngoja. Nilijiuliza kama ni mchezo wa kupeana fedha, nikaona hapana, hakuna kinachopeanwa. Nikajiuliza kama ni maombi. Nikajiuliza na mengine ambayo siyaandiki kwenye karatasi ya sherehe.

Hayo mengine mke wa Sixbert, Mama Lidwina, alikuwa ameyafikia kabla yangu. Siku moja aliingia ofisini kwa mlango wa nyuma, hakutoa hata shikamoo, akasimama mbele ya Bi. Fausta aliyekuwa anavua hedifoni.

"Mama, mume wangu si mgonjwa wala si kifurushi. Kwa nini asindikizwe mpaka nyumbani?"

"Angekuwa kifurushi ningempeleka posta, mwanangu."

"Mimi siongei utani, mama! Majirani wananiuliza yule bibi ni nani."

"Waambie ni bibi mwenye wajukuu saba na goti bovu. Kesho njoo na wewe tumsindikize. Na haka kabinti ka taipu nako kaje, maana kanatuchungulia dirishani tangu kalipoletwa, katavunja shingo."

Nilitamani kuingia chini ya meza. Lakini kesho yake nilikwenda.

Tulitembea wanne. Tulipopita nyumba za mwisho kabla ya bonde, Sixbert akasema, bila kumtazama mtu, "Mbinga, pishi." Bi. Fausta akajibu, "Nimekutua." Tukatembea. "Tunduru, debe." "Nimekutua." Tukatembea tena, mbali zaidi, nikasikia viatu vyetu tu kwenye changarawe. Kisha akasema, "Namtumbo, gunia." Bi. Fausta hakuuliza gunia la nini. Alipunguza mwendo, akasema polepole, "Nimekutua, mwanangu. Nimekutua."

Mama Lidwina alisimama katikati ya njia. "Ndiyo hivyo tu?"

"Ndiyo hivyo tu. Wewe ukitoka mtoni na ndoo kichwani, ukifika mlangoni unasemaje?"

"Nasema njooni mnitue."

"Basi. Mumeo anatoka kazini na ndoo hapa." Akagusa sikio lake. "Watu wa mkoa huu wakifiwa wanapiga simu. Wakifukuzwa wanapiga simu. Binti akitoroka, mama yake anapiga simu. Sisi ndio tunaounganisha, na lazima tusikilize kama laini imekamata. Tukisikia hatuwezi kusimulia, siri ya simu ni siri, tuliapa. Kwa hiyo hatusemi kilichomo. Tunasema kimetoka wapi na kina uzito gani. Anayepokea hafungui. Anatua tu."

Maneno yakamtoka Mama Lidwina yote kwa pamoja, na hayakuwa ya wivu tena. Alisema juzi mtoto wao amemwita Sixbert, "Baba!" na Sixbert akajibu, "Namba ngapi?" Yeye akacheka, akidhani ni mzaha, kumbe mwenzake hata hakujua amesema nini. Alisema usiku mumewe halali, anakaa kitandani kama mtu anayengoja kuitwa. Na habari ya misa waliijua wote: Jumapili padre aliposema "Bwana awe nanyi," Sixbert peke yake, kwa sauti ya kazini, alijibu, "Tafadhali subiri, laini ina mtu." Kanisa lilicheka mpaka kwaya ikashindwa kuimba. Kuna waliosema ni pombe ya komoni. Sixbert hanywi hata togwa.

Shuleni, kwa Kiingereza, tulisoma uchovu wa misuli: mguu wa chura, chumvi, umeme. Nilijibu maswali yote nikapata. Uchovu wa akili haukuwamo, au ulikuwamo kwenye kurasa ambazo mwalimu alisema tuziruke. Nikamuuliza Bi. Fausta, mbona mwili wa Sixbert mzima, anakula, anatembea, lakini amechoka hivi? Akasema, "Kwa sababu amechoka mahali ambapo ukikaa hapapumziki."

Kisha akanieleza ilivyokuwa zamani. Maopareta walikuwa sita. Anayeingia na anayetoka walikutana robo saa kwenye benchi la ndani, wakanywa chai, wakatuana, halafu mmoja akaenda nyumbani mwepesi. Ukaja wakati wa kupunguza watu, wakabaki watatu. Na wakati huohuo biashara ikafunguliwa: mwanzo tumbaku na kahawa zilinunuliwa na ushirika peke yake, sasa kila mnunuzi binafsi anataka Morogoro, anataka Moshi, anataka Dar es Salaam, na anataka sasa hivi. Watu nusu, simu maradufu. Ile robo saa ya benchi ilionekana ni kuwalipa watu wawili kwa kazi ya mmoja, ikafutwa: anayetoka atoke, anayeingia aingie. Bi. Fausta hakubishana. Desturi ilipotolewa ndani, yeye aliitoa nje akaitembeza barabarani, kwa muda wake wa mapumziko na kwa goti lake bovu.

Lakini robo saa ya kutembea haiwezi kushindana na msimu wa tumbaku. Mwezi Juni mwaka jana Benigna alilazwa kwa malaria. Zamu zake waligawana Bi. Fausta na Sixbert, na kusindikizana kukafa, maana mmoja alipotoka mwenzake alikuwa anaingia. Ndipo Sixbert alipokosea.

Mimi nilikuwa pembeni yake nikijifunza. Mama mmoja kutoka Namtumbo alikuwa anamtafuta kaka yake hapa mjini. Bwana Abasi, mnunuzi wa tumbaku, alikuwa dukani kwake anasubiri Morogoro. Sixbert alishika nyaya mbili na kuzipishanisha. Aliziunganisha kwa mkono usiotetemeka, kwa sauti ya kawaida, macho yakiwa wazi, na hakuona. Mama akaenda kwa Bwana Abasi. Kaka yake aliyekuwa anasubiri kaunta akasomewa bei za tumbaku za Morogoro daraja kwa daraja, akidhani ni ujumbe wa mafumbo, mpaka akaja dirishani kutuuliza nani amekufa.

Sitaandika aliyosema yule mama. Kanuni inanikataza. Naandika tu yale ambayo Bwana Abasi aliyasema mwenyewe hadharani.

Sixbert aliitwa mbele ya meneja wetu, Bwana Hironimus, kujieleza kwa nini asiachishwe kazi. Na kuachishwa wakati ule kulikuwa kuachishwa kweli, watu waliopunguzwa walikuwa wengi na nafasi hakuna. Nilikaa pembeni na taipu yangu kuandika muhtasari. Bwana Hironimus ameniruhusu kuyaandika haya, akasema tu nisimfanye mbaya kuliko alivyokuwa. Hakuwa mbaya. Alikuwa na barua kutoka juu zinazomtaka awe na watu wachache na makosa machache, na hakuna aliyemwambia vitu hivyo viwili vinapatanaje.

"Komba, ulikuwa umelala?" aliuliza.

"Hapana, mzee."

"Umelewa?"

"Hapana, mzee."

"Sasa?"

Bi. Fausta, aliyekuja bila kuitwa, akasema, "Amejaa, bwana meneja."

"Bi. Fausta, hapa tunaongea kazi, hatuongei huruma."

"Hata mimi naongea kazi. Jenereta la nyuma pale lina karatasi ukutani: likiunguruma muda huu, lizimwe lipoe muda huu. Ulibandika wewe. Nakusifu, halijaharibika. Sisi karatasi yetu iko ukuta gani?"

Meneja alisema jenereta likiungua hupati jingine. Kisha akasikia alichosema, akageuza shingo kuangalia dirishani. Lakini bado alikuwa na mlalamikaji wa kusikiliza. Kaka wa yule mama wa Namtumbo alikuwa na msiba na hakuja. Bwana Abasi alikuja, mrefu, na kanzu yake na hasira usoni, na sisi sote tukajua kwamba huyu ndiye atakayemaliza kazi. Sixbert alikuwa anatazama vidole vyake kama vya mtu mwingine.

"Asalaam aleikum," alisema Bwana Abasi. "Bwana meneja, mimi siku ile nilitaka kuja na fimbo. Bei yangu ya Morogoro nimeikosa, na mwenzangu akanunua kabla yangu. Nimekuja nikuambie hivyo, nimekuambia. Sasa nikuambie la pili." Akaketi. "Nimeshika simu nangoja bei, nasikia mwanamke analia. Ananiita kaka. Anasema mama amefariki. Sasa wewe, bwana, ungemwambia nini? Ungemwambia samahani, mimi ni mtu wa tumbaku? Nikamwambia, dada, inna lillahi, tulia, nakusikiliza. Akasema yote. Alivyokufa, alivyoniita, yaani alivyomwita kaka yake. Mpaka mwisho. Halafu nikamwambia, dada, samahani sana, mimi siye, lakini nitahakikisha kaka yako anapata. Wallahi, mchana ule sikupima hata robota moja la tumbaku. Usiku mke wangu ananiuliza una nini, nashindwa nimwambie nini, msiba si wangu. Siku mbili nzima! Na mimi nimepata moja tu."

Akamgeukia Sixbert. "Wewe kijana unazipata ngapi?"

Machozi yalikuwa yanamtoka Sixbert bila sauti, na hakuyafuta, kama mtu asiyejua yanatoka.

"Hatuhesabu, bwana," alisema Bi. Fausta. "Tunatuana tu. Na sasa hatuna hata nafasi ya kutuana."

Nilikuwa nimeacha kupiga taipu, nikaogopa kuanza tena. Hatimaye Bwana Hironimus aliuliza, kwa sauti ya mtu anayetaka kujua kweli, "Kutuana ndiyo nini?" Na Bi. Fausta akamweleza, kama alivyomweleza Mama Lidwina: ndoo, mlango, pishi, debe, gunia.

Meneja hakuamua siku hiyo. Aliuliza ni nini kinahitajika, na Bi. Fausta akataja mawili. La kwanza, Sixbert apumzike wiki mbili, na zamu zake atazibeba yeye pamoja na Benigna aliyekuwa ameanza kupata nafuu. Likizo yake mwenyewe, ambayo alitaka kuitumia kwenda kuezeka nyumba Mpitimbi kabla ya mvua, ingengoja. La pili, ile robo saa irudishwe ndani. Kesho yake Bwana Hironimus alikubali yote mawili, na yeye ndiye aliyebeba mwenyewe lile benchi kutoka stoo, akalipangusa vumbi kwa leso yake. Sixbert alipewa onyo, si kufukuzwa.

Wiki hizo mbili ndipo nilipopata jibu la swali lililokuwa limebaki. Nilikuwa nimeona Bi. Fausta akimtua Sixbert, akimtua Benigna, na mara moja akinitua hata mimi, pishi yangu ya kwanza, ambayo niliona aibu kuitaja kwa sababu ilikuwa ndogo. Lakini sikuwahi kumsikia yeye akitaja yake. Nilimuuliza, akasema yeye ni mzee, shingo yake imezoea. Nikamwamini.

Siku ambayo Sixbert alimaliza mapumziko yake, alikuja jioni kabla hajatakiwa, amenyoa, amevaa shati lililopigwa pasi na Mama Lidwina. Bi. Fausta alikuwa anatoka zamu ndefu. Uso wake ulikuwa na rangi ya majivu na aliposimama alishika kona ya meza. Sixbert akamchukulia mwavuli. "Mama, twende nikusindikize Msamala."

Nilitembea nyuma yao. Kulikuwa na baridi ile ya Juni, na moshi wa majiko ulikuwa umelala chini barabarani. Halafu mama akasimama, akaweka mkono kwenye bega la Sixbert, na nikamsikia akisema kwa sauti ambayo sikuwahi kuisikia kwake, ndogo, kama yangu siku ya kwanza: "Sixbert, leo nitue mimi. Songea hapahapa. Gunia, na jingine, na jingine."

Na yule ambaye siku chache kabla tulidhani ameharibika, alisimama wima, akasema, "Nimekutua, mama." Kila gunia. Hakuruka hata moja.

Sijui ndani yake kulikuwa na nini, na siulizi. Nilichojua ni kwamba mama aliondoka pale anatembea vizuri zaidi, hata goti, na alipofika kwake alitukaribisha mihogo na akamtania Sixbert kuhusu misa.

Sasa anarudi Mpitimbi, kijiji ambacho simu haijafika. Tulimtania kwamba amechagua makusudi. Akasema ndiyo, amechagua makusudi, na atakayemhitaji ajue njia kwa miguu. Nyumba yake imeezekwa. Waliokwenda kumsaidia kubeba bati ni watu wa ofisi hii, meneja akiwa wa kwanza kwenye ngazi na wa kwanza kushuka. Opareta mpya ameajiriwa mwezi uliopita, na jambo la kwanza alilofundishwa, kabla ya nyaya, ni kukaa kwenye benchi.

Bi. Fausta, kwa niaba ya ofisi nzima tunakushukuru. Ulitufundisha kuinua kichwa, kusubiri foleni bila kujali cheo, na kutobeba peke yetu. Lima upendavyo, lala mchana bila kumuomba mtu ruhusa, uwasikilize wajukuu tu.

Wageni watakaomtafuta Sixbert Komba ukumbini leo hawatamwona. Lazima mtu mmoja abaki mezani, na aliomba abaki yeye. Benigna akimaliza kusoma atakwenda kumpokea, robo saa kabla. Atakayepiga simu mchana huu atasikia, "Songea, nikusaidie?" na atasikia vizuri kwamba ni sauti ya mtu aliyelala usiku kucha. Usingizi wa namna hiyo ndio tunaokutakia, mama, miaka yote iliyobaki.

Judica Mbwambo
kwa niaba ya wafanyakazi wote